Ametoka Kesho, au Anadanganya? Maswali Yenu kuhusu Filamu za Mapenzi na Safari ya Wakati

Barua nyingi za safari hii zinahusu aina moja ya filamu: wawili wanapendana, mmoja anadai ametoka wakati mwingine, na mtazamaji hajui kama ni kweli. Waandishi wa barua hizo wanaandika skripti au wako katikati ya kushuti. Barua zilizouliza jambo moja tumezijibu kwa pamoja.

SWALI: Mhariri, skripti yangu ina kurasa 94. Kijana anamwambia binti kwamba ametoka miaka 40 mbele. Ukurasa wa 28 anamwonyesha simu ya huko atokako. Kila aliyesoma anasema akifika hapo hamu inakwisha. Nifanyeje shaka idumu?

JIBU: Hamu inakwisha kwa sababu simu hiyo ina maelezo mamoja tu. Chukua karatasi uigawe safu tatu. Safu ya kwanza andika kila jambo linalomvuta mtazamaji aamini au akatae: simu, kovu, utabiri, jina lililotajwa kabla halijatamkwa na mtu. Ya pili, eleza jambo hilo lingewezekanaje kama kijana ni mwongo au mgonjwa. Ya tatu, lingewezekanaje kama anasema kweli. Mstari wowote wenye safu tupu ndipo taharuki inapovujia.

Tuchukue simu yako. Kama inawaka na kuonyesha picha zinazoelea hewani, safu ya pili ni tupu. Ifanye imekwisha chaji, kioo cheusi tupu, bila tundu la kuingiza chaja yoyote. Sasa ni kipande cha kioo mikononi mwa mtu anayekiangalia kwa huzuni, na huenda ni simu kweli. Kukitengeneza ni rahisi: akriliki nyeusi ya unene wa milimita 6, ikatwe ukubwa wa kiganja, kingo zisuguliwe kwa msasa namba 400 kisha 1000 mpaka zisionyeshe alama za msumeno. Tengeneza viwili, maana kimoja kitaanguka.

Utabiri ndio unaoharibu skripti nyingi zaidi. Mhusika akitaja namba sita za bahati nasibu na zote zikatoka, hakuna mwongo awezaye kufanya hivyo, shaka imekufa. Lakini akiimba wimbo ambao mama wa binti alikuwa akimbembelezea utotoni, safu zote mbili zinajaa. Huenda ameishi na binti huyu miaka mingi ijayo. Huenda pia alimsikia akiuimba chinichini juzi. Basi panda onyesho la sekunde 10, kurasa 15 kabla, binti anaosha vyombo akiimba bila kujitambua, na sauti ya mlango ijulishe kwamba kuna mtu chumba cha pili. Usimwonyeshe kijana. Mtazamaji makini atakumbuka, na asiye makini atakumbushwa na mwenzake wakitoka ukumbini.

Kuhusu idadi: filamu ya dakika 90 hubeba mambo 6 hadi 8 ya namna hii, na filamu fupi ya dakika 15 yanaitosha 3. Usiyapange kwa zamu, moja la kuamini, moja la kukataa, kwa sababu mtazamaji atashika mdundo na kuanza kuhesabu. Mawili yavute upande mmoja, kisha moja zito lirudishe yote nyuma.

SWALI: Binti wangu anaonekana mjinga kwa kumwamini. Wasomaji wa kike wamenikasirikia.

JIBU: Wana haki. Umeandika mtu anayeamini kwa sababu skripti inamhitaji aamini. Mpe akili ya kupima. Majaribio matatu yanatosha: la kwanza ampime kwa mzaha, la pili kwa siri bila yeye kujua, la tatu kwa ukali, akiwa tayari kumwacha. Kijana afaulu la kwanza kwa namna inayotiliwa shaka, afeli la pili kabisa, na la tatu akatae kulifanya ingawa angeweza kushinda. Hapo mtazamaji anaanza kumwogopea binti badala ya kumcheka.

Mpe pia mtu wa karibu asiyeamini, dada au rafiki, mwenye hoja nzuri kweli. Hoja za huyo ziandike kana kwamba ndiye mhusika mkuu. Zikiwa dhaifu, binti anashinda mchezo usio na mpinzani.

Na jambo moja tunalishikilia kuliko yote katika ukurasa huu: binti aamue kabla jibu halijapatikana. Akiona mashine ya wakati imefanya kazi ndipo amkumbatie, alichofanya ni kuhakiki bidhaa. Swali la wakati na swali la mapenzi ni swali moja, yaani "nikuamini?", na ukilijibu la kwanza mapema umelipora la pili.

SWALI: Kijana anajua yatakayotokea, kwa hiyo anajua binti atajibu nini kwa kila neno. Mbona napata ladha mbaya?

JIBU: Kwa sababu anamchezea kadi zilizowekwa alama. Mtu anayejua majibu yote hatongozi, ananasa. Kuna tiba mbili, na tunashauri uzitumie zote. Kwanza, punguza anachokijua: ajue mwisho lakini asijue njia, au ajue mambo ya mtaa mzima ila ya binti huyu hayajui. Pili, akiri mapema. Ukiri ukifika baada ya nusu ya filamu, kila busu lililotangulia linageuka ulaghai machoni pa mtazamaji, na hakuna hotuba ya kuomba msamaha itakayolisafisha.

SWALI: Mzee anampa kijana saa ya mfukoni. Kijana anarudi nayo nyuma, anampa msichana, msichana anazeeka nayo na kumpa kijana. Saa ilitengenezwa na nani?

JIBU: Hakuna aliyeitengeneza, na ndiyo sababu wasomaji wanne wameiuliza. Kitu kama hicho ni mzingo usio na mwanzo. Mfano unaofahamika zaidi uko katika filamu ya Somewhere in Time ya mwaka 1980, Christopher Reeve akiwa Richard na Jane Seymour akiwa Elise. Elise mzee anamkabidhi Richard saa mwaka 1972. Miaka minane baadaye Richard anasafiri nayo nyuma hadi mwaka 1912, na saa inabaki kwa Elise, ambaye anaitunza miaka 60 hadi siku ya kuikabidhi.

Fanya hesabu: 60 na 8 ni miaka 68 ya kuchakaa katika kila mzunguko. Saa inayofika 1912 ni kuukuu kwa miaka 68 kuliko ile iliyopokelewa 1912, ilhali ni saa ileile. Fundi saa yeyote atakwambia springi na meno ya magurudumu haviwezi kustahimili hilo milele. Filamu inaponea kwa sababu hakuna anayeifungua.

Ukitaka kuepuka tundu hilo, tumia kitu kisichochakaa: wimbo, mapishi, jina la mtoto, sentensi. Filamu hiyohiyo inafanya hivyo vizuri zaidi kuliko kwa saa. Richard anamwimbia Elise kipande cha Rachmaninoff, mtunzi wa muziki kutoka Urusi, na Elise, anayempenda mtunzi huyo, anasema hajapata kukisikia. Hawezi kuwa amekisikia: Rapsodia ya Rachmaninoff juu ya dhamira ya Paganini ilitungwa 1934. Ushahidi huo haukugharimu kifaa chochote, na mtazamaji akitaka anaweza kuuhakiki mwenyewe.

Ukishikilia kitu cha kushikika, basi kichakae makusudi. Nunua viwili vinavyofanana, kimoja kikwaruzwe, na uamue katika skripti nani alikikwaruza na lini. Mara nyingi onyesho hilo la mkwaruzo ndilo litakalokuja kuwa zuri kuliko yote.

SWALI: Wapendanao wangu wako nyumba moja, miaka 20 imewatenganisha, hawakutani kamwe. Nawashuti vipi wakiwa "wamekaa meza moja"?

JIBU: Mtindo huu umeshapendwa, filamu ya Kikorea Il Mare ya mwaka 2000 iliwafanya wapendanao waandikiane barua kupitia sanduku moja la barua wakiwa wametenganishwa na miaka miwili, na Marekani ikaitengeneza upya mwaka 2006 kwa jina The Lake House. Meza yako ni ngumu kuliko sanduku, lakini inafanyika kwa kamera moja, chumba kimoja na siku mbili.

Siku ya kwanza shuti sehemu zote za mwanamume. Kabla ya kugusa chochote, andika kwenye daftari mambo matano: lenzi ipi (tuseme milimita 35), urefu wa kamera kutoka sakafuni (sentimita 120 kwa mtu aliyekaa), umbali wa lenzi hadi macho yake (mita 2), mwinamo wa kamera, na saa ya siku. Bandika utepe sakafuni kwenye kila mguu wa stendi, na mwingine chini ya miguu ya kiti na meza. Piga picha ya fremu yenyewe kutoka kwenye kioo cha kamera.

Mwanamume aangalie kulia kwa lenzi. Mwekee alama ya kutazama, kipande cha utepe kwenye stendi ya taa, kwenye urefu wa macho ya mwanamke akiwa amekaa. Siku ya pili mwanamke yuko upande wa pili wa meza na anaangalia kushoto kwa lenzi, kamera ikiwa urefu uleule na umbali uleule, bila kuvuka mstari unaounganisha viti viwili. Ukivuka mstari huo, wote wataonekana wanatazama upande mmoja, kama abiria wa basi, na mazungumzo yatakufa hata maneno yakiwa ya dhahabu.

Kinachoharibika mara nyingi ni mwanga. Siku ya kwanza dirisha lilikuwa na jua, ya pili kuna wingu. Ama shuti saa ileile na ukubali hatari, ama, bora zaidi, funika dirisha kwa kitambaa cheupe na uweke taa nje yake ili mwanga uwe wako. Cha pili ni kasi ya maneno: kila mwigizaji anasema peke yake, basi mnaishia na midundo miwili isiyokutana. Rekodi kwanza wote wawili wakisoma pamoja mezani, kisha mwigizaji asikilize sauti ya mwenzake kwa kifaa kidogo cha sikioni wakati wa kushuti. Usisahau kurekodi ukimya wa chumba, dakika moja kila siku. Vyumba vya miaka miwili mbalimbali vikiwa na ukimya mmoja, sikio litaamini ni mahali pamoja kabla ya jicho.

Nyumba yenyewe ibadilike kwa vitu vitatu tu vinavyoonekana: rangi ya ukuta au pazia, mti wa dirishani, na kitu kimoja kilichohamishwa. Ukibadilisha kila kitu mtazamaji hatatambua kwamba ni nyumba moja.

SWALI: Nashuti kwa simu. Natofautishaje zamani na sasa bila kuweka ile rangi ya kahawia?

JIBU: Rangi ya kahawia imechoka, tunakubaliana. Anza kwa kuzima kila kitu kinachojiendesha chenyewe: mizani ya weupe (rangi ya mwanga), eksposha (kiasi cha mwanga), fokasi (ukali wa picha). Simu ikijiamulia, rangi itabadilika katikati ya sentensi na hakuna mhariri wa picha atakayeifuata. Programu ya kamera yenye udhibiti wa mkono inatosha.

Tumia fremu 24 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, ya sekunde 1/48 au 1/50. Mkanda mweusi ukipanda au kushuka kwenye picha ujue taa inapigana na shata: palipo na umeme wa hezi 50 tumia 1/50, na palipo na hezi 60 tumia 1/60. Shata ya simu ikiachwa huru mchana hukimbilia 1/1000 na zaidi, mikono ikitembea inaonekana ya kukatikakatika. Weka kichujio cheusi mbele ya lenzi kupunguza mwanga.

Sasa rangi. Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini: namba ndogo ni mwanga wa manjano, kubwa ni wa buluu. Mshumaa uko karibu kelvini 1,900, balbu ya kizamani ya studio 3,200, jua la mchana 5,600. Wakati wa sasa, weka kamera sawa na mwanga uliopo, ngozi ionekane kama ilivyo. Wakati wa zamani, weka kamera kelvini 4,300 na uwashe balbu za 3,200: joto litaingia kidogo, na dirisha litabaki na ubuluu wake, kitu ambacho kichujio cha kahawia hukiua. Mpiga picha wa Somewhere in Time, Isidore Mankofsky, alitofautisha nyakati kwa filamu yenyewe iliyoingizwa kwenye kamera: sehemu za 1912 zilipigwa kwa Fuji, za sasa kwa Kodak, na mtazamaji akahisi ulaini wa mwaka 1912 bila kujua umetoka wapi.

Lakini kama safari yenyewe bado ina shaka, usizitofautishe kupita kiasi. Rangi ni ushahidi kama simu ya msomaji wa kwanza. Kumbukumbu ya mhusika ikipewa rangi yake kamili, kamera imeshasema "huyu hadanganyi". Kila kisengerenyuma, yaani onyesho la kurudi nyuma, kiwe kama kinasimuliwa, kisiwe kama kimethibitishwa.

SWALI: Watu wanapenda kunikamata kwa makosa ya saa ukutani. Naziondoa?

JIBU: Usiziondoe; katika filamu ya wakati watu wanazitafuta. Toa betri kwenye kila saa ya lokesheni siku ya kwanza, kisha kila onyesho lipewe saa yake kwenye daftari la mwendelezo (la kuhakikisha vitu havibadiliki kati ya shoti na shoti), na mtu mmoja tu aruhusiwe kugusa mishale. Angalia pia saa za mikononi, kalenda, kioo cha simu, taa ya oveni. Mishumaa kata mapema urefu wa aina tatu na uibadilishe kila baada ya teki chache. Ndevu na kucha ni saa pia: usipange onyesho la asubuhi wiki moja baada ya onyesho la usiku wake.

Lokesheni ya zamani ichague kwa kile isichokuwa nacho. Somewhere in Time ilipigwa Grand Hotel katika kisiwa cha Mackinac, Michigan, ambako magari yamepigwa marufuku tangu 1898. Kazi ya kuficha mwaka wa sasa ilikuwa imeshafanywa nusu.

SWALI: Lazima nieleze mashine inafanyaje kazi?

JIBU: Hapana. Richard wa Somewhere in Time anasafiri kwa kujishawishi akilini tu, na sarafu moja ya mwaka 1979 aliyoisahau mfukoni inatosha kumng'oa 1912 na kumrudisha wakati wake. Sheria moja, inayoeleweka, yenye gharama.

Ukitaka kijana azungumze sayansi, mpe ya kweli, itamfanya aaminike na ashukiwe kwa pamoja, kwani yeyote anaweza kuisoma. Mwaka 1971 wanasayansi Joseph Hafele na Richard Keating walizungusha saa za atomu, zilizo sahihi kupita kiasi, duniani kwa ndege za abiria. Zilizokwenda mashariki zilichelewa takribani nanosekunde 59 (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde) zikilinganishwa na zilizobaki ardhini, zilizokwenda magharibi zikatangulia 273. Mwaka 1949 mwanahisabati Kurt Gödel alionyesha kwamba milinganyo ya Einstein ina suluhisho linaloruhusu kurudi nyuma, katika ulimwengu unaozunguka ambao si huu wetu. Sentensi mbili za namna hiyo zinatosha. Ya tatu itamlaza mtazamaji.

SWALI: Mwisho wa filamu utoe jibu, au niache shaka?

JIBU: Yote mawili yanafaa, mradi binti ameshaamua. Ukiacha shaka, hakikisha ni shaka na si ukungu. Mwenye shaka ana majibu mawili mkononi. Aliye kwenye ukungu hana hata moja. Wape watu sita skripti, kila mmoja aandike sentensi moja kueleza kilichotokea. Wote sita wakisema jambo moja, shaka haipo. Wawili wakiandika "sijaelewa", rudi kwenye karatasi ya safu tatu.

Inasaidia kulinganisha Somewhere in Time na riwaya iliyoizaa, Bid Time Return ya Richard Matheson, ya mwaka 1975. Katika riwaya Richard ana uvimbe kwenye ubongo, na kaka yake anaamini safari yote ilikuwa ndoto ya ugonjwa. Safu ya pili imejaa kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Matheson huyohuyo alipoandika skripti, uvimbe haukuwekwa, na saini ya Richard tunaionyeshwa kwenye kitabu cha wageni cha 1912 kabla hajasafiri. Filamu ikaegemea kuamini. Hakuna aliyekosea, ila riwaya inaumiza zaidi, na kwa maoni yetu ni kwa sababu hatuambiwi.

Kama bado hujaamua na siku ya kushuti imefika, piga shoti ya mwisho mara mbili bila kusogeza kamera: mara moja kile kipande cha kioo cheusi kiwe mezani, mara ya pili meza iwe tupu. Ni dakika 20 za kazi. Kisha zote mbili ziwekwe mwisho wa uhariri na zitazamwe siku mbili tofauti, na watu tofauti.